Afya: neno «haoni» peke yake kwenye fishi laweza kumnyima mgonjwa matibabu

Mama mzee anayefika kwenye kituo cha afya akishikwa mkono na mjukuu wake anaweza kurudi nyumbani na fishi yenye neno moja tu: «kipofu». Muganga atakayempokea baadaye hatajua kama ni mtoto wa jicho, ambao hupasuliwa na mtu akaona tena, ama ni glaucoma, ile presha ya macho. Kwa glaucoma, kilichopotea hakirudi, lakini dawa zinaweza kulinda kilichobaki.

Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, OMS, toleo la 10, inaweka upungufu wa kuona chini ya kode H54. Kila jicho linapimwa peke yake, mgonjwa akiwa na miwani yake kama anayo. Anahesabiwa kipofu ikiwa hata jicho lake lililo afadhali liko chini ya 3/60: kwa mita 3 hatambui kile mwenye macho mazima anachotambua kwa mita 60. Wanaohesabu kwa Kifaransa wanaandika 1/20, ama 0,05. Upofu wa macho yote mawili ni H54.0, wa jicho moja ni H54.4.

Kuna mtego hapa. Mgonjwa wa glaucoma anaweza kusoma herufi za ubaoni vizuri huku anaona kama kupitia tundu la bomba. Upana wa kuona ukibaki digrii 10 ama chini kutoka katikati, naye anaingia kundi la vipofu. Asiyepimwa upana huo anaandikwa mzima.

Tena H54 haisemi sababu. Sababu ina kode yake: H25 kwa mtoto wa jicho wa uzee, H40 kwa glaucoma, B73 kwa upofu wa mto, unaoletwa na inzi weusi wa mito ya maji ya kasi na ambao ungali nchini Kongo. Ikikosekana, ripoti ya mwezi ya zoni ya afya inahesabu vipofu bila kuonyesha nani wa kupasuliwa na kijiji gani kinahitaji ivermectin.

Kwa waliokimbia vita, karatasi ndiyo kumbukumbu pekee inayosafiri nao. Mgonjwa ana haki ya kumwomba muganga aandike tarehe, kipimo cha jicho la kuume na cha kushoto, na sababu.