Meli za ziwa huishi kwa reli: somo kwa wanunuzi wa viwanja Mlingotini

Wanaonunua viwanja Mlingotini na Mbegani wilayani Bagamoyo kwa matumaini ya bandari mpya wanashauriwa kusoma kwanza historia ya meli za mizigo za maziwa yetu. Kwa zaidi ya miaka 100 hesabu yake ni moja: meli hailipi kama hakuna njia nafuu ya kuifikishia shehena.

Bagamoyo inalijua jambo hilo tangu zamani. Novemba 1874 msafara wa Stanley uliondoka mjini hapo na mashua Lady Alice, iliyogawanywa vipande na kubebwa na wapagazi hadi Ziwa Victoria. Safari ilichukua zaidi ya miezi mitatu. Mpelelezi aliweza kuimudu gharama hiyo, mfanyabiashara asingeiweza.

Meli SS William Mackinnon nayo iliagizwa na kampuni binafsi, Imperial British East Africa Company. Kampuni hiyo ilikwisha mwaka 1895, na meli ikashushwa majini Kisumu mwaka 1900 ikiwa mali ya serikali. Reli kutoka Mombasa ilipofika ziwani mwaka 1901, meli ziliongezeka, na aliyeziendesha ni mwenye reli.

Ziwa Tanganyika lilifuata njia hiyo hiyo. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Meli Graf von Götzen, iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, ilisafirishwa kwa maelfu ya makasha, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Wajerumani waliizamisha mwaka 1916. Waingereza wakaiibua mwaka 1924. Mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba.

Mwaka 1948 reli, bandari na meli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliwekwa chini ya shirika moja. Katika miaka ya 1960 zikaja MV Umoja na MV Uhuru, meli zinazobeba mabehewa yenyewe, hivyo mzigo haukupakuliwa gatini. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, reli na meli ziligawanywa. Umoja ikabaki Tanzania, Uhuru ikaenda Kenya. Reli zilipodhoofika, wenye mizigo wakahamia kwenye malori.

Mwaka 1997 meli za Tanzania zilitengwa na Shirika la Reli na kupewa Marine Services Company Limited. Jina la mmiliki lilibadilika, lakini mabehewa hayakuongezeka. Umoja ilianza tena kupeleka mabehewa Port Bell, Uganda, mwezi Juni 2018, baada ya njia hiyo kulala kwa takriban miaka 10.

Turudi Bagamoyo. Mkataba wa awali wa bandari ya Mbegani ulisainiwa mwaka 2013 na jiwe la msingi likawekwa mwaka 2015. Mwaka 2019 mradi ulikwama kutokana na masharti ya wawekezaji, na mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kufufua mazungumzo.

Kwa hiyo mwenye mtaji mdogo asiulize bei ya kiwanja tu. Aulize reli itapita wapi, nani ataigharamia na itaanza lini kubeba mzigo. Bila majibu hayo, fedha yake inaweza kulala kama ilivyolala Umoja.