Motokaa Inayopuliziwa Pumzi: Golf ya Tabo Katika Vilima vya Nairobi

Mtu wa Mombasa afikapo Nairobi kwa mara ya kwanza huona mambo mawili: baridi ya alfajiri, na jinsi anavyotweta apandapo ngazi ambazo kwao angezipanda huku akiimba. Mji huu uko juu ya bahari kwa takriban mita 1,700, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Kilindini kwa karibu moja kwa sita. Yanayompata mwanadamu ndiyo yaipatayo injini. Motokaa ya kawaida huvuta hewa kwa mapafu yake yenyewe, na hewa ikipungua, petroli iwezayo kuwaka hupungua pia. Gari lililoteremshwa bandarini likiwa na nguvu za farasi 109, kama zile Toyota za cc 1500 zilizojaa mitaani mwetu, likifika Westlands huwa limebakiwa na tisini na kitu. Zilizosalia zimedondoka njiani, mahali fulani baina ya Voi na Athi River.

Dawa ya maradhi haya ni ya zamani. Mnamo mwaka 1905 mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya chombo ambacho mafundi wetu hukiita tabo. Moshi wa moto utokao katika injini, badala ya kupotea bure kwenye ekzosi, huzungusha kigurudumu chenye mapanga. Kigurudumu hicho kimeunganishwa kwa ufito na kingine upande wa pili, nacho hunyonya hewa ya nje na kuishindilia ndani ya silinda. Vyote viwili huzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika. Kwa hiyo injini haingoji hewa ije, inapuliziwa. Wapenzi wa mbio za Safari Rally walikwisha kuyaona haya kwa macho yao. Toyota Celica ya tabo ilishinda mwaka 1984, ikashinda 1985, ikashinda tena 1986, na mwaka 1987 ikaja Audi 200, nayo ya tabo. Mbio za nyanda za juu si mahali pa mapafu dhaifu.

Nimeyachimba mambo haya kwa sababu ya mpwa wangu. Kijana amezaliwa Kibokoni, kazi yake ni katikati ya jiji la Nairobi na nyumba yake ni Uthiru. Ana mke na mtoto wa miaka miwili. Amechoka na matatu. Mkopo wa riba hautaki, na katika hilo namuunga mkono. Alikwenda kuuliza katika benki zetu zinazofuata sharia, zilizoanza hapa Kenya mwaka 2008, ambazo hununua gari na kukuuzia kwa faida iliyotajwa wazi tangu mwanzo. Akaona bei itamlemea. Mwishowe mama yake, yaani dada yangu, akasema atamkopesha. Fedha zenyewe ni zile alizozidunduliza miaka kumi na moja kwa mahamri na kushona, shilingi juu ya shilingi, kwa nia ya kwenda Hija. Kanipigia simu: "Kakangu, gari silijui mimi. Nenda ukalitazame. Zikipotea hizo, sina umri wa kuzianza upya."

Gari alilolipenda kijana ni Volkswagen Golf, ile ya kizazi cha saba. Golf ya kwanza ilitoka mwaka 1974, ikichorwa na Mwitaliano Giorgetto Giugiaro. Hii ya saba ilionyeshwa Berlin mwaka 2012, na mwaka uliofuata ikatwaa taji la gari bora la mwaka huko Japani, gari la kwanza la kigeni kupewa heshima hiyo. Ni kutoka Japani ndiko nyingi zilikotufikia, maana usukani wao uko kulia kama wetu. Kwa kuwa sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita umri wa miaka minane, za mwanzoni haziwezi kuletwa tena. Zilizopo ni zile zilizokwisha kuingia na zinauzwa baina ya watu. Hiyo ya mpwa wangu ni ya mwaka 2014, iliyopita bandari ya Mombasa mwaka 2021.

Huko Japani ziliuzwa za aina mbili kubwa. Moja ni ya injini ya cc 1200, nguvu za farasi 105. Ya pili, iitwayo Highline, ni ya cc 1400 na farasi 140, nayo ina ujanja wa kulaza silinda mbili kati ya nne gari linapokwenda polepole ili kuokoa petroli. Msomaji asiyejali takwimu ataruka mistari hii, lakini moja asiiruke. Ile Toyota ya cc 1500 hutoa nguvu yake ya kusokota, kama nyutonimita 140 hivi, injini inapokwisha kupiga makelele ya mizunguko elfu nne na kitu kwa dakika. Golf ya cc 1200, ijapokuwa ndogo, hutoa 175, na huzitoa kuanzia mizunguko 1,400 tu, yaani mguu haujagusa vizuri. Hiyo ndiyo siri ya gari zima. Mwenyewe halina uzito mkubwa, kama tani moja na robo. Urefu wake ni mita nne na robo. Buti hubeba lita 380, na viti vya nyuma vikilazwa hufika 1,270: gunia la nazi, kapu la maembe na sanduku la shangazi huingia bila ugomvi.

Tulilijaribu siku ya Ijumaa, baada ya sala. Mwenye gari, mstaarabu mmoja wa Lavington, aliketi ubavuni mwangu; mpwa na mkewe nyuma, mtoto mapajani. Hapana mtihani wa klachi upitao Banda Street watu wanapotoka Msikiti wa Jamia. Unakwenda hatua mbili, unasimama, mzee anavuka, unasimama, mkokoteni. Gia za gari hili ni saba na hujibadilisha zenyewe, lakini si kama za Toyota zenye mafuta mengi yanayolainisha kila kitu. Ndani mna klachi mbili kavu, moja ya gia witiri, nyingine ya gia shufwa. Moja ikifanya kazi, mwenziwe ameshaishika gia inayofuata. Katika mwendo mzuri hujui gia imebadilishwa saa ngapi. Katika mwendo wa kobe husita kidogo, kama mtu atafutaye kiatu gizani, kisha huondoka. Mke wa mpwa aliligundua hilo kabla yetu sisi wanaume.

Tukashika Kenyatta Avenue, tukaingia Uhuru Highway, tukapita Museum Hill chini ya kivuli cha ile barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022. Njia ilipofunguka Waiyaki Way nikalikanyaga. Kuna kitambo kifupi cha kungoja, pumzi inapojaa, halafu mgongo unasukumwa kitini bila kelele yoyote. Kiwandani wanasema hufika kilomita 100 kwa saa katika sekunde kumi na kidogo, jambo ambalo si la kujigamba. Lakini vitabu hivyo viliandikwa kwa hewa ya Ulaya. Hapa Kangemi, watu wazima wanne ndani na barabara ikipanda kuelekea Uthiru, ndipo nilipoona thamani yake. Sindano ya mizunguko ilisimama karibu 1,700, gia ikiwa ya tano, na gari likapanda kama linateremka. Kando yetu kulikuwa na gari la mapafu ya kawaida, kubwa kuliko letu, likinguruma na kuteremsha gia mara mbili. Tukaendelea hadi Kikuyu, karibu mita 2,000 juu ya bahari. Hakuna kilichobadilika.

Tulirudi kwa James Gichuru Road na vichochoro vya Lavington. Usukani ni mwepesi na mkweli. Unapoupinda gari hupinda, halitikisiki kama mashua. Springi ni ngumu kiasi, ila kwa mashimo yetu hiyo cc 1200 yenye taili nene ni afadhali kuliko Highline yenye taili nyembamba za inchi 17, ambazo shimo moja la Kileleshwa linaweza kuzimaliza. Pua iko chini. Tuta la kienyeji, lile lililojengwa na wakazi wenyewe usiku mmoja, lilipandwe ubavu kwa adabu.

Sasa yale yanayomkosesha dada usingizi. Sanduku hilo la klachi kavu lina historia. Mwezi Machi mwaka 2013 Volkswagen ililazimika kuyaita tena zaidi ya magari 384,000 huko China kwa sababu ya gia za namna hii, na baadaye mwaka huo huo ikabadilisha mafuta ya gia katika magari mengi duniani. Kinachoharibika mara nyingi ni ubongo wake wa umeme na mafuta, ambao mafundi wa Kirinyaga Road huuita makatroniki, au klachi zenyewe, hasa kwa dereva anayeliachia gari litambae katika msongamano saa nzima. Kutengeneza si bei ya chai. Kwa upande wa injini habari ni njema zaidi: Golf za kabla yake za cc 1400 zilisifika vibaya kwa cheni inayorefuka, na kizazi hiki kikarudia mkanda wa taiming. Tabo nayo haina haja ya uchawi. Inataka mafuta safi ya kipimo kilichoandikwa na kiwanda, yabadilishwe kwa wakati, na petroli ya daraja la juu kama ilivyoamriwa Japani. Anayenunua mafuta ya injini kwa kutazama rangi ya kopo asilikaribie gari hili.

Jambo la ushuru nalo limewasaidia watengenezaji wa injini ndogo. Kwa viwango vya miaka ya karibuni, gari la cc 1500 na chini hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 20, na linalozidi hapo asilimia 25 au zaidi. Basi tabo humpa mtu nguvu za injini kubwa kwa ushuru wa injini ndogo.

Nilimwambia mpwa wangu wazi: ungekuwa unaishi Nyali na kazi yako ni Moi Avenue ya Mombasa, ningekukataza. Huko hewa ni nzito, vilima hakuna, na Toyota itakutosha mpaka ufe. Lakini wewe kila jioni unaupanda mlima wa Kangemi na familia ndani. Gari linakufaa, kwa sharti fundi mwenye kompyuta ya kusomea gia alipime kwanza, na uwe na akiba ya sanduku la gia mbali na bei. Fundi akalipima siku ya pili, akakuta klachi zina maisha. Mwenye gari akapunguza bei kidogo, kwa shingo upande.

Dada alikuja kwa treni wiki ile. Hakutaka kulizungusha gari; alifungua mlango wa nyuma, akaketi na buibui lake, akainuka, akaketi tena, akasema magoti hayamuumi. Kisha akataka karatasi. Sura ya Baqara imetuamrisha deni liandikwe na liwe na mashahidi, naye hakuona kwa nini mwanawe awe mbali na amri hiyo. Tukaandika: atalipa kwa miezi thelathini na sita, siku ya tano ya kila mwezi. Nikatia sahihi mimi na jirani yake wa Uthiru. Kabla hatujaukunja waraka dada akaurudisha kwangu, akaniambia niongeze mstari mmoja, kwamba gharama za fundi, ziwe za gia au za tabo, hazitakatwa katika malipo ya mwezi. Kijana akamtazama mkewe, akatia sahihi.