Mto Ukifurika, Wilaya Hupimwa kwa Kipimo Gani?

Mnamo Mei 2013, mto Nyamwamba, ushukao kutoka milima ya Rwenzori na kupita Kilembe hadi mji wa Kasese, magharibi mwa Uganda, ulivunja kingo zake. Nyumba na madaraja yalichukuliwa na maji, na hospitali ya Kilembe ikaharibiwa. Mei 2020 mto huo ulifurika tena, na hospitali ile ile ikapigwa mara ya pili. Baina ya gharika hizo mbili ilipita miaka 7. Je, mwananchi wa bondeni angejuaje, katika miaka hiyo, kama wilaya yake inajiandaa au imekaa tu?

Joto hupimwa kwa kipimajoto, na mvua kwa kipimamvua. Hata barafu ya Rwenzori imepimwa: mwaka 1906 ilifunika kilomita za mraba 6.5 hivi, na kufikia 2003 haikutimia hata 1. Lakini utayari wa serikali ya wilaya hauna chombo cha namna hiyo, na hapo ndipo wataalamu wanapokuna vichwa.

Njia moja ni ile ya mpango wa Umoja wa Mataifa uitwao LoCAL, ulioanza 2011 huko Bhutan na Kambodia, na ambao Uganda nayo imejiunga. Wilaya hupewa ruzuku juu ya fedha zake za kawaida, ili igharimie lile ziada linaloletwa na mabadiliko ya hali ya hewa: kalvati pana zaidi, miti ya kushika udongo mlimani, kisima kisichokauka upesi. Kila mwaka wakaguzi hutazama. Mpango wa wilaya umeyazingatia mabadiliko hayo? Fedha zimetumika kama ilivyopangwa? Hesabu zimefungwa? Alama zipatikanazo huathiri ruzuku ya mwaka ufuatao.

Hilo si jambo dogo, maana ofisa ajuaye kwamba ataulizwa huamka mapema. Walakini karatasi huhesabika kwa urahisi kuliko usalama. Taarifa itasema makalvati 10 yamejengwa. Haitasema kama yalikadiriwa kwa mvua za leo au za zamani. Mwaka mkavu nao hudanganya: mto usipofurika, wilaya iliyolala na iliyokesha huonekana sawa. Tena kuna uchungu mwingine. Wilaya ikosayo alama kwa upungufu wa wahasibu hupunguziwa fedha, hali yamkini watu wake ndio wakaao karibu zaidi na hatari.

Kipimo chenye maana zaidi huanzia nyumbani. Onyo liliyatangulia maji kwa saa ngapi? Lilimfikia nani: mzee asiye na redio, au mke wa askari aliye peke yake na watoto wakati mumewe yuko lindoni? Zilipita siku ngapi kabla maji ya kisima hayajafaa tena kunywewa? Watoto walikosa shule wiki ngapi? Majibu hayo yakiandikwa baada ya kila gharika, ya pili hulinganishwa na ya kwanza, kwa maji ya kimo kile kile, na hapo uzembe au uhodari wa wilaya huonekana bila mabishano.

Wala haihitajiki mitambo. Akina mama wa bondeni hukumbuka maji yalifika tofali la ngapi ukutani. Alama ya rangi, tarehe, na daftari moja mikononi mwa mwenyekiti wa kijiji vyatosha kuanzia. Kisha daftari hilo lifunguliwe mbele ya baraza la wilaya siku bajeti inaposomwa, kabla haijapitishwa.