Uzi ndani ya uzi: mkonge unatufundisha nini kuhusu nyuzi za nano?

Wakazi wa tambarare za Morogoro, kuanzia Kimamba wilayani Kilosa hadi Kidugalo, wanaujua mkonge kwa miaka mingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi yetu ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za nyuzi zake kwa mwaka. Kisha zikaja kamba na viroba vya plastiki, soko likaanguka. Leo viwanda duniani vinatafuta nyuzi nyembamba mno, zinazoitwa nyuzi za nano, na mkonge umejaa nyuzi za aina hiyo.

Nano ni nyembamba kiasi gani?

Gawanya milimita moja mara milioni moja. Kipande kimoja ni nanomita. Unywele wa binadamu una upana wa nanomita 80,000 hivi. Nyuzi za nano huwa na upana wa nanomita chache hadi mia kadhaa.

Ndani ya mkonge

Uzi mmoja wa mkonge unaonekana kama kitu kimoja, lakini ni fungu. Ndani yake mna nyuzi za selulosi zenye upana wa nanomita chache tu, zimejizungusha kama kamba iliyosokotwa. Selulosi ni karibu theluthi mbili ya uzito wa uzi mkavu. Kati ya nyuzi hizo mna hemiselulosi na lignini, zinazofanya kazi kama gundi. Selulosi inabeba mzigo, gundi inazishika nyuzi pamoja. Ukiondoa kimoja, kamba haifai.

Kamba ya mkonge ikiachwa kwenye tope huliwa na vijidudu na mwishowe hukatika. Ukimaliza kuitumia, itundike ikauke.

Viwanda vinafanyaje?

Plastiki na selulosi zote ni polima, yaani molekuli ndefu kama mnyororo. Njia mojawapo ya kutengeneza nyuzi za nano ni kuchanganya polima mbili zisizopatana. Fikiria matone ya mafuta kwenye uji mzito: ukikoroga kuelekea upande mmoja, matone yanavutika na kuwa mistari. Kiwandani polima mbili huyeyushwa pamoja kwa joto, moja ikiwa kidogo, nyingine nyingi. Mchanganyiko unasukumwa kwenye tundu dogo na kuvutwa kwa kasi. Matone ya ile iliyo kidogo yanarefuka kuwa nyuzi, yakiwa yamezungukwa na ile nyingine, kama selulosi ndani ya gundi yake.

Lazima upoe haraka, la sivyo nyuzi zinakatika na kurudi kuwa matone. Polima iliyo kidogo ikizidishwa, matone yanaungana na nyuzi zinakuwa nene. Baada ya kupoa, polima ya nje inayeyushwa kwa kimiminika, nyuzi za nano zinabaki. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walieleza njia hii: polima ya nje ilitokana na selulosi, nao wakaiondoa kwa asetoni. Nyuzi za namna hii zinafaa kwa vichujio vya maji na hewa, maana matundu kati yake ni madogo sana.

Mkulima anapata nini?

Kwenye mkonge kazi ya kuvuta imeshafanywa na mmea. Kinachobaki ni kuondoa gundi kwa kemikali kama kostiki soda, kisha kuzitenganisha nyuzi kwa mashine. Usijaribu nyumbani: kostiki soda inaunguza ngozi na macho.

Jambo la kushika ni hili. Katika kilo 100 za majani, korona hutoa kilo 4 hivi za nyuzi. Nyuzi fupi nyingi huanguka pamoja na taka. Mnunuzi wa kamba anataka nyuzi ndefu, lakini kwa kazi ya nano urefu si hoja, maana uzi utavunjwavunjwa hata hivyo. Taka za korona zina selulosi ileile.

Kwa hiyo akija mtu kijijini kuomba "uchafu" wa korona bure, ulizeni kwanza anaupeleka wapi na kwa kazi gani. Wala msipanue shamba kwa sababu ya neno nano pekee. Subirini mnunuzi mwenye bei na mkataba wa maandishi.