Chupa ya lita moja iliyosimamisha foleni ya malori

Nikiwa kwenye atachimenti katika depo moja ya mafuta hapa Nairobi, kabla karo haijanishinda nikaaga chuo, nilipewa kazi niliyodhani ni ya mtoto. Chukua chupa, nenda kwenye bomba, fungua koki, jaza, peleka maabara. Nikafanya hivyo. Baada ya muda si mrefu simu ikalia na kila kitu kikasimama. Dizeli niliyoleta ilikuwa na salfa kupita kiasi, tena kwa mbali. Nje malori yalikuwa yamejipanga hadi barabarani, madereva wakipiga honi na kuuliza nani amelala.

Mzee wa maabara hakupiga kelele. Aliniuliza swali moja tu: "Kijana, ulimwaga kiasi gani kabla ya kujaza?"

Sikuwa nimemwaga hata tone. Nani humwaga dizeli na bei zilivyo?

Tukarudi naye hadi kwenye koki. Kumbe ile koki haikuwa kwenye bomba lenyewe. Mtu fulani, miaka ya nyuma, aliunganisha kibomba chembamba cha mita nne kutoka bomba kuu hadi ukutani, ili mchukua sampuli asimame kivulini. Wazo zuri kwa binadamu, baya kwa mafuta. Kibomba cha mita nne chenye upana wa milimita 12 kwa ndani kinabeba karibu mililita 450. Usiku uliotangulia, bomba lilelile lilikuwa limepitisha mafuta taa. Kwa hivyo karibu nusu ya chupa yangu haikuwa dizeli. Ilikuwa mafuta taa ya jana, yaliyolala mle ndani yakinisubiri.

Tulimwaga lita kadhaa kwenye ndoo ya chuma iliyofungwa waya wa kwenda ardhini, tukajaza chupa upya. Safari hii majibu yalikuwa safi. Mafuta hayakuwa na shida tangu mwanzo, shida ilikuwa mimi na kile kibomba.

Sasa, kwa nini hili ni jambo kubwa? Wengi wetu tunapita Embakasi kila siku na hatujui kuna nini chini. Bomba la mafuta la kutoka Mombasa lilianza kazi mwaka 1978. Lile jipya lililochukua nafasi yake mwaka 2018 lina urefu wa kilomita 450 na upana wa inchi 20. Ndani yake bidhaa zinafuatana kama matatu za ruti moja: petroli, kisha dizeli, kisha mafuta ya ndege, zote kwenye chuma kilekile. Kwa kawaida hakuna ukuta kati yao. Pale zinapokutana zinachanganyika, na lazima mtu ajue mchanganyiko unaanzia wapi na kuishia wapi kabla ya kufungua tangi.

Hesabu yenyewe haina huruma. Kuanzia mwaka 2015, dizeli ya Afrika Mashariki ilitakiwa isizidi sehemu 50 za salfa kwa kila milioni. Mafuta ya ndege yanaruhusiwa kufika 3,000, na mafuta taa ni ndugu yake wa damu. Chukua lita moja ya mafuta ya ndege yenye salfa 3,000, uichanganye na lita 59 za dizeli isiyo na salfa kabisa. Tayari umegonga kiwango hicho. Lita moja tu, buda.

Kosa langu lilikuwa la bahati, kwa sababu lilisimamisha mafuta mazuri. Kosa la kuogopa ni lile la upande wa pili, chupa inaposema kila kitu kiko sawa na hakiko sawa. Mvuke wa mafuta ya ndege haupaswi kushika moto chini ya nyuzi 38, na mafuta taa hupimwa vivyo hivyo. Petroli inashika hata kwenye baridi kali chini ya sifuri. Petroli kidogo ikiingia kwenye mafuta taa na sampuli isiikamate, mwenye kulipa hatakuwa meneja. Atakuwa mama anayewasha stovu saa kumi na moja asubuhi kwenye chumba kimoja na watoto wamelala.

Ndiyo maana nashangaa kampuni ikinunua mashine ya maabara ya mamilioni halafu ikabana doo kwenye koki. Mashine inaamini chochote unachoiletea. Ukitaka kuchagua kifaa cha kuchukulia sampuli, usianze na katalogi. Anza na swali: nini kinapita humu, na nataka kujua nini kukihusu?

Kama ni dizeli au petroli iliyokwisha kusafishwa, na unataka tu kujua ni bidhaa gani imefika, koki ya kawaida inatosha. Lakini iwe karibu na bomba kuu, na ndani iwe na mrija unaofika katikati ya bomba, maana pembezoni hujificha uchafu na maji. Kama lazima koki ikae mbali, basi jengewa njia ya mzunguko: mafuta yanatoka bomba kuu, yanapita kwenye koki, yanarudi, muda wote bila kusimama. Hapo hakuna mafuta ya jana.

Mafuta ghafi ni habari nyingine kabisa. Haya huja na maji, na maji ni mazito, yanapenda kutambaa chini ya bomba. Meli ya mapipa 200,000 ikiwa na maji asilimia moja, hayo ni mapipa 2,000 ya maji ambayo mnunuzi hataki kuyalipia kwa bei ya mafuta. Chupa moja haiwezi kumaliza ubishi wa namna hiyo. Hapa inahitajika mashine inayochota yenyewe, mililita moja moja, takriban michoto 10,000 kwa mzigo mmoja. Jumla inakuwa lita kumi hivi, kwenye chombo kimoja.

Mashine hiyo ina mitego yake. Lazima ichote kulingana na mita ya mafuta, si saa ya ukutani. Pampu ikipunguza kasi usiku na mashine ikaendelea kuchota kila baada ya sekunde kadhaa, usiku utapata sauti kubwa kuliko unavyostahili na majibu yatapinda. Mafuta yawe yamekorogeka vizuri kabla ya kufika kwenye mrija. Na kile chombo cha lita kumi lazima nacho kikorogwe kabla ya kugawa kwenye chupa ndogo, la sivyo maji yote yanabaki chini na wewe unapeleka maabara cream ya juu. Muuzaji akikuambia mashine yake ni kali, mwambie aingize kipimo cha maji kinachojulikana kwenye bomba, muone kama itayakamata. Asipokubali, mpe chai aende zake.

Halafu kuna mafuta yetu ya Turkana. Yale yaliyosafirishwa kwa malori na kuuzwa nje kupitia Mombasa mwaka 2019 yana nta nyingi. Yakipoa yanaganda kama Kimbo. Bomba la Uganda linaloelekea Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443, limeundwa kupashwa joto kwa sababu hiyohiyo. Ukiweka hapo kifaa cha kawaida chenye vibomba baridi, utavuna mshumaa. Kila kitu, kuanzia mrija hadi chombo, lazima kipashwe moto.

Gesi nayo haitaki utani. Watanzania wanaosafirisha gesi asilia kwa bomba kutoka Songo Songo na Mtwara hadi Dar es Salaam wanalijua hili. Ukishusha presha ghafla, gesi inapoa na zile sehemu nzito zinageuka matone. Unabaki umechukua gesi nyepesi na kuacha nzito njiani. Kwa hiyo unapasha joto kifaa cha kupunguzia presha, unapasha kibomba, na unatumia mtungi safi. Kuna mitungi yenye pistoni ndani inayolinda presha isibadilike. Ni ghali, lakini kwa gesi nzito inajilipa. Gesi ya kupikia ukiichukua ikiwa bado kimiminika, usijaze mtungi zaidi ya asilimia 80. Ikipata joto inavimba, na chuma hakivimbi nayo.

Na zile chupa za maji za plastiki ambazo wasee hupenda kuokota kwa sababu ziko karibu, achana nazo. Petroli ikitiririka kwenye plastiki inajenga umeme tuli, na cheche moja inatosha.

Siku ile Mzee alinipa pia kalamu. Alitaka kwenye lebo kuwe na saa, namba ya tangi, namba ya mzigo, kiasi nilichomwaga na jina langu kamili. Niliuliza kwa nini jina kamili. Akasema ili wakili akiisoma, asinichanganye na mtu mwingine.

Wiki mbili baadaye kile kibomba cha mita nne kilikatwa na koki ikarudi juani. Depo ikanunua mwavuli.