Kusoma Tu: Istilahi za Diski na Madhara ya Kuzichanganya

Miongoni mwa masuala yanayowatatiza wafasiri wa miongozo ya kompyuta, yamo yasiyotokana na uhaba wa maneno bali na wingi wake. Neno moja hubebeshwa dhana tatu, na dhana moja hupewa maneno matatu, kila ofisi na lake. Aghalabu hasara yake ni ndogo: msomaji husoma mara mbili, akaelewa. Lakini zipo istilahi ambazo zikichanganywa humpotezea mtu kazi ya miaka, na istilahi za diski ni za namna hiyo.

Tuchukue mfano wa diski moja ya nje iliyotoka Nkowe, kata ya wilaya ya Ruangwa, mkoani Lindi. Ndani yake mlikuwa na sauti za wazee wakitaja, kwa Kimwera, majina ya zana, ya aina za udongo na ya hatua za kazi ya shamba. Mambo ya namna hii ni hazina kwa mwundaji wa istilahi, kwani lugha zetu za Kibantu ni mahali pa kwanza pa kuchota pindi Kiswahili kinapopungukiwa. Sauti hizo zilihifadhiwa kwa kompyuta ya Windows. Diski ilipochomekwa kwenye kompyuta ya Mac, faili zote zilionekana na sauti zikasikika barabara. Mfasiri alipotaka kuongeza maelezo yake katika folda hiyohiyo, kompyuta ilikataa.

Mashauri mawili yakatolewa. La kwanza: "Huna ruhusa, kaombe nywila." La pili: "Diski ina kasoro, ifomati." Yote mawili yalikuwa Kiswahili safi, na yote mawili hayakuwa sahihi. La kwanza lingempotezea muda tu. La pili lingefuta sauti za wazee ambao baadhi yao hawapo tena kuulizwa upya.

Ili tuone kosa liko wapi, yafaa tueleze kwanza *mfumo wa faili*. Diski haihifadhi faili kama kabati linavyohifadhi majalada. Huhifadhi vipande, na kando yake huwekwa orodha inayoonyesha kipande kipi ni cha faili ipi na nafasi ipi ingali tupu. Wasomaji wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale watalielewa jambo hili kwa kufikiria ghala la korosho. Magunia ya wakulima wengi hulala chini ya paa moja, na kinachomtambulisha mwenye mali ni daftari la karani pamoja na stakabadhi. Karani mgeni anayejua kulisoma daftari hilo aweza kukuambia gunia lako liko wapi. Lakini kama hajui kanuni zake zote za kuandikia, kumpa kalamu ni hatari: atakosea mstari mmoja, na mzigo wa mtu utahesabiwa kuwa wa mwingine au kuwa haupo.

Windows na Mac zina madaftari tofauti. Mfumo wa faili uitwao NTFS uliletwa na Microsoft mwaka 1993 pamoja na Windows NT, na ndio unaotumika katika diski nyingi zilizoandaliwa kwa Windows. Kompyuta za Mac zimekuwa zikiusoma tangu mwaka 2003, lakini Apple hawajaziwekea rasmi uwezo wa kuuandika. Kanuni za NTFS ni mali ya Microsoft na hazijachapishwa kwa ukamilifu. Tena kuandika faili moja hudai orodha kadhaa zibadilishwe kwa pamoja pasipo kuhitilafiana. Kwa hiyo Mac huifungua diski ya NTFS kwa hali ya *kusoma tu*.

Hapa ndipo tunapopinga neno *ruhusa*. Ruhusa hutolewa na mwenye mamlaka na yaweza kuombwa. Mac inayokataa kuandika kwenye NTFS haikosi ruhusa; inakosa uwezo. Mfasiri akiandika "huna ruhusa ya kuandika", mtumishi wa ofisi atakwenda kutafuta nywila ya msimamizi, ataipata, na diski itakataa vilevile. Tunapendekeza *uwezo wa kuandika* litumike pale ambapo mfumo wa faili hauandikiki na kompyuta hiyo, na *ruhusa ya kuandika* libaki kwa vizuizi vilivyowekwa na mtu kwa watumiaji fulani. Kutofautisha hali hizo mbili si kazi ngumu. Diski ichaguliwe, kisha vibonyezwe Command na I kwa pamoja. Dirisha la maelezo litataja mfumo wa faili wa diski. Jina NTFS likionekana, suala la ruhusa limekwisha. Likionekana jina jingine ambalo Mac huliandika, ndipo ruhusa zichunguzwe. Na kama ni kadi ya kamera, kitazamwe kwanza kile kifungo kidogo cha ubavuni, ambacho kimewahangaisha watu wengi bure.

*Kufomati* ni neno lenye matata zaidi. Kwa wenye simu lina maana ya kufuta kila kitu. Kwa baadhi ya mafundi lina maana ya kutengeneza kilichoharibika. Maana yake hasa ni kuanzisha mfumo mpya wa faili katika diski, yaani kuchana daftari la zamani na kufungua jipya. Magunia yaweza kuwa yangalimo ghalani kwa muda, lakini hakuna tena anayejua ni ya nani. Wako wanaotumia *kuumbiza* kwa jambo hili. Hatuoni kwamba linafaa, kwa sababu *umbizo* limekwisha kuzoeleka kwa sura ya maandishi na kwa aina ya faili. Mwalimu anayemwambia mwanafunzi "badilisha umbizo la waraka" na "badilisha umbizo la diski" kwa pumzi moja anamtega. Kufomati na libaki, ila kila mwongozo ulitaje pamoja na onyo kwamba yaliyomo yatapotea.

Neno jingine la kuangaliwa ni *kiendeshi*, ambalo tumeliona likitumiwa kwa diski yenyewe na pia kwa programu inayoifundisha kompyuta kutumia kifaa. Tungependa diski iitwe diski, na kiendeshi kiwe programu. Tofauti hiyo ni ya lazima hapa, maana njia mojawapo ya kuiwezesha Mac kuandika kwenye NTFS ni kuiwekea kiendeshi cha ziada. Viko vya kununuliwa, kama vya Paragon na Tuxera, na kipo NTFS-3G kisichouzwa. Baadhi hudai mipangilio ya usalama ya kompyuta ilegezwe, jambo ambalo ofisi ya umma haina budi kuwauliza kwanza wataalamu wake wa TEHAMA.

Njia ya pili, nayo ndiyo tunayoiona bora kwa diski inayosafiri baina ya ofisi, ni mfumo wa exFAT, ulioletwa na Microsoft mwaka 2006 na unaoandikika kwa Windows na kwa Mac pia. FAT32 nao huandikika kwa pande zote mbili, lakini haupokei faili moja inayofikia gigabaiti 4, na sauti au picha za video hufika hapo upesi. Diski ya Nkowe ilifuata njia hii: yaliyomo yalinakiliwa kwanza kwenye kompyuta, yakahesabiwa na kusikilizwa, kisha ndipo diski ikafomatiwa.

Ila exFAT hauna kumbukumbu ya akiba ya mabadiliko kama NTFS. Diski ikikatwa ghafla wakati wa kuandika, orodha zake huharibika kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo miongozo itenganishe *kutoa* na *kuchomoa*. Kutoa ni kuiamuru kompyuta imalize kuandika na kuiachia diski. Kuchomoa ni kazi ya mkono, nayo hufuata baada ya alama ya diski kutoweka kwenye kioo.