Shule za umma Zombe: Nani anawajibika kwa lipi?

MZAZI wa Zombe, mashariki mwa Kaunti ya Kitui, aliye na mtoto mmoja katika chekechea na mwingine katika Gredi ya Nne, huhudumiwa na serikali mbili hata kama watoto hao huingilia lango moja. Asiyeujua mpaka baina ya serikali hizo hupeleka malalamiko pasipostahili, na anayeumia ni mtoto.

Jambo hili lina historia. Hadi mwisho wa 1969, shule za msingi za mashambani zilikuwa chini ya mabaraza ya kaunti. Kuanzia 1970, Serikali Kuu ilitwaa jukumu hilo, ikiyaachia mabaraza ya miji pekee. Katiba ya 2010 ilirejesha sehemu ndogo mashinani: elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini vikawa vya kaunti. Sera, mitaala, mitihani, shule za msingi na za upili zilibaki mikononi mwa Serikali Kuu.

Hivyo, mwalimu wa chekechea huajiriwa na kaunti. Mwenzake wa Gredi ya Kwanza huajiriwa, huhamishwa na kuadhibiwa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC), ambayo ni tume huru na wala si idara ya Wizara ya Elimu. Wizara nayo, kupitia maafisa wake wa kaunti na kaunti ndogo, hukagua ubora wa masomo na kutuma fedha.

Fedha hizo hupelekwa moja kwa moja katika akaunti za shule kwa kuzingatia idadi ya wanafunzi. Viwango vilivyowekwa kwa mwaka ni Sh1,420 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi, Sh15,042 kwa wa sekondari msingi na Sh22,244 kwa wa shule ya upili ya kutwa. Tangu Januari 2023, madarasa ya sekondari msingi yamo ndani ya shule za msingi, hivyo mwalimu mkuu mmoja husimamia viwango viwili tofauti.

Anayemsimamia mwalimu mkuu kwa karibu ni Bodi ya Usimamizi, iliyoundwa chini ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Humo mna wawakilishi sita waliochaguliwa na wazazi au jamii, watatu wa mfadhili, ambaye mara nyingi ni kanisa, mmoja wa walimu, pamoja na wengine. Mwalimu mkuu ndiye katibu. Bodi huajiri wapishi, walinzi na walimu wa kujaza mapengo yaliyoachwa na TSC. Mzigo huo huelemea zaidi maeneo makavu kama Zombe, ambako mvua ikikosekana mfuko wa mzazi hukauka pia.

Hapo ndipo sheria inapomfaa mzazi. Ada ya masomo imepigwa marufuku katika shule za umma. Malipo mengine yanahitaji idhini ya Waziri, baada ya kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, na mtoto hawezi kunyimwa masomo kwa kushindwa kuyalipa.

Kwa muhtasari, chekechea isiyo na mwalimu ni suala la kaunti. Mwalimu mtoro wa shule ya msingi ni wa Bodi kwanza, kisha TSC. Mtoto aliyefukuzwa kwa sababu ya michango ni suala la Bodi na afisa wa elimu wa kaunti ndogo. Wazazi nao wana viti sita katika Bodi, na siku ya kuvijaza ni vyema wahudhurie.